Ukaguzi wa kompyuta wa modeli za majengo kuhusu ufikivu kwa watu wenye ulemavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wasanifu majengo, wahandisi, maofisa wanaotoa vibali vya ujenzi na wanachama wa vyama vya watu wenye ulemavu, kila inapotajwa programu inayoweza kusoma modeli ya jengo na kueleza kama mtu anayetumia kiti cha magurudumu ataweza kuingia, kupita na kutumia choo. Vipimo vingi vilivyotolewa hapa kama mifano vimetoka katika Viwango vya Usanifu Fikivu vya Marekani vya mwaka 2010, vilivyotungwa chini ya sheria ya ADA ya mwaka 1990, inayokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu, na kuanza kuwa lazima tarehe 15 Machi 2012. Vimechaguliwa kwa sababu kila mtu anaweza kuvisoma na vinataja namba mahususi.

Ukaguzi huu unakagua nini hasa?

Unakagua modeli, haukagui jengo lenyewe. Modeli ya kidijitali, ambayo wataalamu huiita BIM, ni mkusanyiko wa vitu vyenye majina, maumbo na sifa. Katika mchoro wa kawaida mlango ni mistari michache na tao moja, na ni akili ya msomaji inayotambua kuwa pale pana mlango. Katika modeli, mlango una kitambulisho chake, una upana na kimo, unajulikana uko kwenye ukuta gani, unaunganisha vyumba gani viwili na unafungukia upande upi. Programu ya ukaguzi husoma taarifa hizo, huzilinganisha na kanuni zilizoandikwa kwa namna inayoeleweka na kompyuta, kisha hutoa orodha ya mahali ambapo kanuni haijatimizwa, pamoja na picha inayomwelekeza msanifu kwenye kitu chenye kasoro.

Ili programu za kampuni mbalimbali zisome modeli ileile, upo mfumo wazi wa faili uitwao IFC, unaosimamiwa na shirika la kimataifa la buildingSMART na kutambuliwa kama kiwango cha ISO 16739. Karibu kila kinachosemwa katika ukurasa huu kinategemea jinsi modeli ilivyoandikwa katika IFC, na ndiyo sababu baadhi ya majibu yatarudi kwenye ubora wa faili hata pale ambapo muulizaji alitarajia kusikia habari za uwezo wa programu.

Kwa nini ufikivu ndio uliojaribiwa mapema?

Kwa sababu sehemu kubwa ya kanuni za ufikivu ni kanuni za nafasi: upana, kimo, mwinamo, na eneo la kugeuzia kiti. Nafasi ndicho kitu ambacho modeli inakijua vizuri kuliko vyote. Wazo la kuipa mashine kanuni za ujenzi lilikuwapo tangu mwaka 1966, mhandisi Steven Fenves alipopendekeza kanuni za usanifu wa miundo ziandikwe kama majedwali ya maamuzi, ambamo kila mchanganyiko wa masharti una jibu lake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiwemo Charles Han, John Kunz na Kincho Law walitumia modeli za IFC kuangalia kama jengo linatimiza masharti ya Marekani kuhusu watu wenye ulemavu.

Ipo sababu nyingine, nayo ni ya haki. Kasoro ya ufikivu ina tabia ya kujificha katika tofauti ya sentimita chache ambayo jicho la mkaguzi, likiwa limepitia mamia ya milango, halioni. Asiyeathirika nayo hataigundua kamwe. Anayeathirika ataigundua siku jengo limekwisha jengwa, na kurekebisha wakati huo humaanisha kubomoa ukuta.

Upana wa mlango ni namba moja tu. Inakuwaje programu ikosee?

Si namba moja. Viwango vya Marekani vinataka uwazi wa kupita usiopungua milimita 815, unaopimwa mlango ukiwa umefunguliwa kwa nyuzi 90, kuanzia uso wa ubao wa mlango hadi kwenye kizuizi cha fremu upande wa pili. Lakini namba iliyo rahisi kuipata katika faili ya IFC ni upana wa jumla, unaojumuisha fremu. Tuseme mlango una upana wa jumla wa milimita 900, na fremu pamoja na kizuizi chake inachukua milimita 40 kila upande, na ubao wenyewe una unene wa milimita 40 unaobaki ndani ya uwazi baada ya kufunguliwa. Kinachobaki ni milimita 780. Programu iliyosoma 900 na kulinganisha na 815 itasema mlango unafaa. Mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu atakwaruza vidole vyake kwenye fremu, au atabaki nje.

Hata uwazi ukiwa sahihi, ukaguzi haujaisha. Mtu anayevuta mlango akiwa ameketi anahitaji nafasi pembeni ya kitasa ili ubao umpite bila kumgonga. Kwa anayeukabili mlango moja kwa moja na kuuvuta, viwango hivyo vinataka kina cha milimita 1,525 mbele ya mlango na milimita 455 za ziada upande wa kitasa. Kwa anayeusukuma, kina kinachotakiwa ni milimita 1,220, na milimita 305 za ziada upande wa kitasa iwapo mlango una kifaa cha kujifunga wenyewe pamoja na kitasa cha kubana. Kwa hiyo programu inapaswa kujua bawaba ziko upande gani, mlango unafungukia wapi, una kifaa cha kujifunga au hauna, na mtu anatokea upande upi. Sifa moja ikikosekana, jibu lote linakuwa la kubahatisha.

Kisha nafasi hiyo ionekane ni tupu kweli. Nguzo huwa kwenye modeli ya mhandisi wa miundo, na kabati la mpira wa zimamoto huwa kwenye modeli ya mhandisi wa mifumo. Modeli ya msanifu peke yake inaweza isionyeshe chochote. Ukaguzi wa ufikivu unaofanywa kwenye faili ya msanifu tu, bila kuziunganisha faili zote, haustahili kuitwa ukaguzi kamili. Kabati hilohilo linagusa kanuni nyingine pia: kitu kilichotundikwa ukutani kati ya kimo cha milimita 685 na 2,030 hakitakiwi kutokeza zaidi ya milimita 100 kwenye njia, kwa sababu fimbo ya mtu asiyeona hupita chini yake bila kukigusa, na kinachokigundua ni kifua au uso wake.

Mbona IFC ina sehemu ya kuandika kwamba mlango au chumba kinafaa kwa watu wenye ulemavu? Haitoshi kusoma hapo?

Sifa hiyo ipo kweli, kwa milango, vyumba na njia za mteremko, nayo hujazwa ndiyo au hapana. Inasaidia kueleza nia ya msanifu: chumba hiki cha hoteli kimekusudiwa kuwa fikivu, kile hakikukusudiwa, kwa hiyo kanuni kali zielekezwe hapa. Lakini programu ikisoma «ndiyo» na kuandika kwamba kanuni imetimizwa, ni sawa na mwalimu anayemuuliza mtahiniwa kama amefaulu na kumpa cheti bila kusahihisha karatasi yake. Sifa hiyo itumike kuchagua kitu cha kukaguliwa. Isitumike kamwe kama matokeo.

Njia za mteremko hukaguliwaje?

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Mwinamo usizidi 1 kwa 12, kipande kimoja kisipandishe zaidi ya milimita 760 kabla ya sehemu tambarare ya kupumzikia, sehemu hiyo iwe na urefu usiopungua milimita 1,525, upana wa kupita usipungue milimita 915, na reli za kushikia ziwepo pande zote mbili ikiwa kimo kinazidi milimita 150. Njia yenye mwinamo usiozidi 1 kwa 20 huhesabiwa kuwa sakafu ya kawaida ya kupita. Mtu yeyote anaweza kupiga hesabu: kupandisha milimita 760 kwa mwinamo wa juu kabisa kunahitaji urefu wa mita 9.12 bila kuhesabu sehemu tambarare za chini na juu, na hapo ndipo viwanja vingi vya mjini huanza kuonekana vidogo.

Ugumu uko katika kuitambua njia yenyewe. IFC ina kitu mahususi kwa ajili ya njia ya mteremko na vipande vyake, lakini wasanifu wengi huichora kama sakafu iliyoinamishwa, na programu inayotafuta njia za mteremko kwa jina haioni chochote. Wengine hutegemea sifa ya mwinamo unaotakiwa, ambayo ni ahadi iliyoandikwa tu wala haitokani na umbo lililochorwa. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu hupima nyuso zenyewe: kila uso ambao mtu anaweza kuukanyaga hupimwa mwinamo wake wa urefu na wa ubavu, uwe umeitwa sakafu, njia au ardhi.

Halafu kuna eneo la nje. Safari ya mtu haianzii mlangoni, inaanzia kwenye geti, kituo cha basi au mahali pa kuegesha gari, na eneo hilo mara nyingi limo kwenye faili ya mpima ardhi au halimo kabisa katika modeli. Ripoti isiyotaja geti wala maegesho imekagua nusu ya safari.

Na vyoo?

Choo ndipo mahali ambapo tofauti ndogo huumiza zaidi, kwa sababu mtu anahama kutoka kwenye kiti chake kwenda kwenye choo kwa nguvu za mikono, na kila kipimo kimepangwa kufuatana na mwendo huo. Mstari wa katikati ya choo unatakiwa uwe kati ya milimita 405 na 455 kutoka ukuta wa pembeni. Kimo cha kiti cha choo kiwe kati ya 430 na 485. Vyuma vya kushikia viwe kati ya 840 na 915 kutoka sakafuni. Na eneo tupu kuzunguka choo lisipungue 1,525 kutoka ukuta wa pembeni na 1,420 kutoka ukuta wa nyuma.

Chukua kipimo cha kwanza. Msanifu ameweka choo milimita 420 kutoka kwenye ukuta wa tofali, na programu imekubali. Fundi anapiga plasta, kisha anabandika vigae. Milimita 25 zimeliwa, na choo sasa kiko 395 kutoka uso ambao mtu anaugusa. Kanuni imevunjwa ilhali hakuna aliyekosea kipimo chake. Jambo la kuzingatia ni kwamba viwango vya Marekani huruhusu tofauti ndogo za kawaida za ujenzi kwa vipimo vingi, lakini si pale ambapo kanuni imetaja kiwango cha chini na cha juu kwa pamoja, kama ilivyo hapa. Kwa hiyo modeli inayokaguliwa iwe na tabaka za umaliziaji, au programu iambiwe wazi iongeze unene wake. Tungependa kila ripoti ianze kwa kutaja kama vipimo vimechukuliwa kwenye tofali au kwenye kigae.

Vyuma vya kushikia vina tatizo lao. Mara nyingi havichorwi katika hatua za mwanzo, na hata vikichorwa, kanuni inataka vihimili nguvu ya niutoni 1,112, jambo linalotegemea ukuta wa nyuma yake kuliko chuma chenyewe. Ukuta mwepesi wa mbao za jasi usio na kiimarisho ndani utaonekana sawa kabisa na ukuta imara mbele ya programu inayotazama umbo peke yake.

Je, kompyuta inaweza kujua kama mtu atafika kutoka mtaani hadi kwenye ofisi anayokwenda?

Inaweza, na kwa maoni yetu huu ndio ukaguzi wenye thamani kuliko wote, kwa kuwa jengo lenye milango mia inayofaa na ngazi moja isiyo na njia mbadala ni jengo lisilofikika. Njia ya kawaida ni kugeuza jengo kuwa mtandao: kila chumba ni kituo, kila mlango, lifti au njia ya mteremko ni kiungo, na viungo visivyotimiza kanuni hukatwa. Baada ya hapo programu hutafuta kama bado kuna njia kutoka mlango mkuu hadi kila chumba kinachopaswa kufikika, na kama njia hiyo ni ileile wanayopita watu wengine au ni ya kuzungukia nyuma jikoni.

Watafiti wa Stanford walikwenda mbele zaidi. Han, Law na Kunz, wakishirikiana na Jean-Claude Latombe aliyebobea katika kupanga mienendo ya roboti, walionyesha mwaka 2002 kwamba kiti cha magurudumu kinaweza kuendeshwa ndani ya modeli kama roboti inayotafuta njia, kikigeuka na kurudi nyuma kama kinavyofanya kweli. Faida yake ni kubwa. Kanuni za vipimo zinaweza kutimizwa zote katika eneo ambalo mtu bado hawezi kupita kwa sababu ya mpangilio wa kona mbili zinazofuatana, na kinyume chake, eneo linaloshindwa kipimo kimoja linaweza kupitika bila shida. Mwendo wa kiti hujibu swali ambalo kanuni ilikuwa inajaribu kulijibu kwa njia ya namba. Hata hivyo sheria huandikwa kwa namba, na mkaguzi hawezi kuiweka kando kwa sababu roboti imefaulu kupita. Njia zote mbili zitumike kwa pamoja.

Nani anaigeuza sheria kuwa kanuni za kompyuta, na tumwaminije?

Hili ndilo swali ambalo halijaulizwa vya kutosha. Sheria huandikwa ili isomwe na binadamu, nayo imejaa maneno kama «inapowezekana», vighairi na marejeo ya vifungu vingine. Mfano mzuri ni lifti. Viwango vya Marekani vinataka ghorofa ziunganishwe kwa njia fikivu, lakini majengo binafsi yenye ghorofa pungufu ya tatu, au yenye eneo lisilofikia mita za mraba 279 kwa kila ghorofa, husamehewa. Na msamaha huo nao haupo ikiwa jengo ni kituo cha maduka, ofisi ya mtoa huduma za afya au kituo cha usafiri. Programu isiyojua jengo litatumika kwa shughuli gani haiwezi kutoa jibu, hata ikiwa na vipimo vyote vya dunia.

Eilif Hjelseth na Nick Nisbet walipendekeza njia ya kuipangua sheria iitwayo RASE, ambamo mtaalamu hupitia maandishi ya sheria yenyewe na kutia alama sehemu nne: sharti linalotakiwa, hali ambamo sharti linahusika, vitu vinavyochaguliwa, na vighairi. Uzuri wake ni kwamba alama hubaki juu ya maneno ya sheria, kwa hiyo mwanasheria asiyejua kompyuta anaweza kuona kilichotafsiriwa na kubisha. Programu nyingi za kibiashara hazina uwazi huo. Kanuni zimefungwa ndani, mtumiaji hubadilisha namba chache tu, na ikiwa aliyeziandika alikielewa kifungu vibaya, kosa hilo litajirudia kimyakimya katika kila jengo linalokaguliwa.

Toleo la sheria nalo litajwe. Kiwango kingine cha Marekani, ICC A117.1, katika toleo lake la mwaka 2017 kiliongeza kipenyo cha duara la kugeuzia kiti katika majengo mapya kutoka inchi 60 hadi inchi 67, yaani kutoka milimita 1,525 hadi karibu 1,700. Chumba kilekile kinaweza kukubaliwa na toleo moja na kukataliwa na jingine.

Ripoti imesema hakuna kosa. Je, jengo letu ni fikivu?

Hapana, si lazima, na kama kuna jambo moja tu ambalo msomaji atalichukua kutoka ukurasa huu, tungeomba liwe hili. Ukaguzi una majibu matatu: kanuni imetimizwa, kanuni haijatimizwa, na kanuni haikuweza kukaguliwa. Programu nyingi huonyesha jibu la pili kwa rangi nyekundu na kuyachanganya la kwanza na la tatu katika ukimya mmoja. Modeli isiyo na njia za mteremko zilizotajwa kwa jina haitatoa kosa lolote la njia za mteremko. Modeli ambayo vyumba havijawekewa mipaka haitatoa kosa lolote la eneo la kugeuzia kiti. Kadiri modeli inavyokuwa maskini wa taarifa ndivyo ripoti yake inavyozidi kuwa safi, na mwenye jengo hupata furaha ambayo watu wengine wataigharamia.

Kwa hiyo, unapopokea ripoti, usianze na orodha ya makosa. Uliza kwanza: milango iliyokaguliwa ni mingapi kati ya milango yote? Vyoo vingapi? Ni vifungu gani vya kanuni ambavyo programu haikuvigusa? Ripoti isiyoweza kujibu maswali hayo haipaswi kuambatishwa kwenye ombi la kibali.

Nchi gani zimefika mbali?

Singapore ilianzisha mradi wake wa kutumia kompyuta katika sekta ya ujenzi, uitwao CORENET, mwaka 1995, na ndani yake ukajengwa mfumo wa kukagua modeli za IFC. Waligundua mapema kwamba IFC peke yake haikubeba maana zote zinazohitajika na kanuni, wakaongeza juu yake tabaka la vitu vyenye maana hizo. Mrithi wake, CORENET X, alizinduliwa mwishoni mwa 2023. Nchini Australia, watafiti wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti wa kisayansi, walitengeneza programu ya ukaguzi iitwayo DesignCheck na kukitumia kiwango cha ufikivu cha nchi hiyo, AS 1428.1, kama mfano wa kufanyia kazi. Nchini Norway, Statsbygg, taasisi ya serikali inayosimamia majengo ya umma, iliujaribu ukaguzi wa ufikivu katika mradi wa chuo cha Tromsø uitwao HITOS. Katika soko la programu, Solibri ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1999, inajulikana sana kwa kanuni zake za ufikivu zinazoweza kurekebishwa vipimo.

Ni mambo gani ambayo modeli haitayajua?

Ni mengi, nayo si madogo. Nguvu ya kufungua mlango wa ndani usio wa zimamoto isizidi niutoni 22.2 kwa viwango vya Marekani, lakini nguvu hiyo hutegemea marekebisho ya kifaa cha kujifunga siku kinapofungwa na miezi inayofuata. Sakafu inatakiwa iwe imara na isiyoteleza, na viwango hivyo havikutaja namba ya utelezi. Mwanga, tofauti ya rangi kati ya ngazi na ngazi, mwangwi unaomsumbua mtu mwenye usikivu hafifu, alama zinazoeleweka kwa mtu mwenye ulemavu wa akili: yote haya yako pembezoni mwa modeli au nje yake. Ni vyema kusema wazi kwamba ukaguzi wa kompyuta, kama ulivyo leo, unamhudumia mtumiaji wa kiti cha magurudumu kuliko wengine, kwa sababu mahitaji yake ndiyo yaliyo rahisi kupimwa kwa milimita.

Basi mkaguzi binadamu bado anahitajika?

Anahitajika, na kazi yake inakuwa bora. Akiondolewa mzigo wa kupima milango mia tatu, anapata muda wa kuangalia yale ambayo hayana namba. Watu wenye ulemavu wenyewe wanahitajika zaidi kuliko yeyote, tena mapema, wakati modeli bado inabadilika. Kuwaita kukata utepe jengo likiwa limekamilika ni kuchelewa.

Je, njia hii inafaa Afrika Mashariki?

Wajibu wa kisheria upo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazungumzia ufikivu katika kifungu cha 9; Kenya na Uganda waliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Kenya ilikuwa na sheria yake ya mwaka 2003 kabla ya kutunga mpya mwaka 2025. Lakini kompyuta haiwezi kukagua neno «fikivu». Inahitaji namba, na namba hizo zitoke kwa watumiaji wa hapa.

Mfano mmoja unatosha kueleza uzito wa jambo hili. Viwango vya Marekani vinachukulia kuwa mtu na kiti chake wanachukua eneo la milimita 760 kwa 1,220. Barabarani Dodoma, Mwanza au Kisumu utakutana na watu wengi wanaotumia baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo ni ndefu zaidi na inahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka. Kuzichukua kanuni za kigeni zilivyo na kuziingiza kwenye programu kutatoa ripoti nzuri ya majengo ambayo baiskeli hiyo haiwezi kuingia, au ambayo mwenyewe atalazimika kuiacha nje na kutambaa. Kabla ya kununua programu, mamlaka zinapaswa kuvipima vyombo vinavyotumika kweli, kuamua kama jengo litapokea baiskeli hiyo ndani au litaweka mahali salama pa kuiacha na kiti cha kubadilishia, kisha kuandika uamuzi huo kwa namba.

Ofisi yetu ni ndogo. Tuanzie wapi?

Anzeni na modeli yenyewe. Kila chumba kiwekewe mipaka na kipewe jina la matumizi yake. Kila mlango uandikwe uwazi wake halisi wa kupita, mbali na upana wa jumla. Njia za mteremko zichorwe kwa kifaa chake. Umaliziaji wa kuta za vyoo uingizwe. Mahitaji hayo yanaweza kuandikwa katika mfumo wa IDS, ambao buildingSMART iliupitisha kama kiwango mwaka 2024, na faili ikakataliwa moja kwa moja ikiwa taarifa fulani imekosekana. Huo bado si ukaguzi wa ufikivu, bali ni uhakika kwamba kuna kitu cha kukaguliwa.

Kisha chagueni kanuni tatu au nne tu, kwa mfano uwazi wa mlango, eneo la kugeuzia kiti chooni, mwinamo, na njia kutoka geti hadi mapokezi. IfcOpenShell, maktaba ya msimbo wa kompyuta wa kusoma faili za IFC, ni ya bure na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo kijana anayejua lugha ya Python anaweza kuziandika mwenyewe na kila mtu akasoma alichoandika. Matokeo yarudishwe kwa msanifu kwa faili za BCF, ambazo hubeba maelezo ya kasoro pamoja na mahali pa kuitazama ndani ya modeli, na kila kasoro iwe na jina la mtu anayepaswa kuishughulikia. Jengo la kwanza likishajengwa, chukueni futi kamba mkapime milango na vyoo vilevile vilivyokubaliwa na programu, mkiwa pamoja na mtu atakayevitumia.